Svanlaug na Mstari wa Mtoni

Katika bonde letu hakuna mkusanyaji wa kondoo aliyepata kunishinda mimi, Oddný. Miaka yote niliyokwenda mlimani kila Septemba sijampoteza hata kondoo mmoja. Waulize. Watakwambia ni kweli, kisha, kwa kuwa watu wa kwetu hawana haya, watakwambia na hili: karibu miaka yote hiyo nilikuwa kwenye kibanda cha wakusanyaji nyuma ya sufuria ya supu, na kondoo aliyekwisha kuchemka hana pa kutorokea.

Basi habari hii si yangu. Ni ya Svanlaug, binti wa kaka yangu, na mimi nimo kwa kuwa niliburutwa.

Svanlaug anakaa Melar, shamba la mwisho kabla bonde halijageuka kuwa mawe matupu. Baba yake alipofariki alimwachia nyumba, mbwa asiyesikia la mtu, na kondoo. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, mashavu mekundu kama mtu aliyetoka kucheka sasa hivi. Mashavu hayo ndiyo yaliyomponza, maana alipoanza kuumwa hakuna aliyemwamini.

Maumivu yalianzia shingoni, yakashuka mabegani, yakaenda kiunoni, yakarudi mikononi, kama mgeni anayekagua vyumba aamue alale kipi, na mwisho akaamua kulala vyote. Alilala usiku kucha akaamka amechoka kuliko alivyokwenda kulala. Akaanza kusahau majina ya kondoo aliowazalisha kwa mikono yake. Madaktari wakamtoa damu, damu safi. Wakampiga picha, picha safi. Bondeni wakasema huo ni uvivu, haujapata jina tu.

Kisha ukapata jina. Daktari mmoja mwanamke huko mjini alimbonyezabonyeza, akamsikiliza mpaka akamaliza kusema, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya, akamwambia: hii ni fibromialgia. Mifupa yako mizima, misuli yako mizima, ila mwili wako unapiga kengele ya moto wakati nyumba haiungui. Na maumivu ni ya kweli, usikubali mtu akwambie vingine. Dawa yake kubwa ni kutembea.

"Kutembea!" nikamwambia Svanlaug. "Mtu anaumwa mwili mzima anaambiwa atembee? Huyo daktari ukimwendea unazama atakuandikia maji."

"Kidogo kidogo, shangazi. Kila siku. Na nipumzike kabla sijachoka, si baada ya kuchoka."

"Sasa usipochoka unapumzika nini?"

Akacheka, na kicheko kikamuuma mbavuni, nikaona akijishika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Akaanza na maji. Kijijini tuna bwawa, na maji yake yanatoka ardhini yakiwa ya moto, hatuyalipii kuni. Kila asubuhi Svanlaug alikuwa mle, maji kifuani, anatembea ukuta kwa ukuta pamoja na vikongwe wenye nyonga za chuma. Nyumbani alileta kiti kirefu jikoni akawa anamenya viazi amekaa. Ndoo kubwa za kunyweshea akazitoa, akanunua za kitoto. Nguo alianika nusu, akaenda kufanya jambo jingine, akarudi kuanika nusu iliyobaki. Kisha akaanza kupanda kilima nyuma ya nyumba mpaka nguzo ya kwanza ya uzio, anaigusa, anarudi.

"Umekwenda kuisalimia nguzo?" nikamuuliza.

"Inakusalimu na wewe."

Siku mbaya alikwenda nusu ya njia. Lakini alikwenda. Siku zilizonitisha hasa ni zile nzuri. Siku moja ya Julai aliamka mwepesi, hana maumivu, jua limetoka, na nyasi zimekatwa zinangoja kugeuzwa zikauke. Akasahau masharti yote. Akageuza nyasi asubuhi mpaka jioni huku akiimba, nami nikamshangilia kama mpumbavu. Wiki nzima iliyofuata nilimlisha kwa kijiko.

"Siku nzuri ni mwongo, shangazi," aliniambia kutoka kitandani. "Siku mbaya angalau inasema ukweli." Alipoinuka akaanza tena na ile nguzo ya kwanza.

Sasa nimlete Torfi. Torfi ni jirani yake wa upande wa chini, na ndiye mfalme wa mlima, maana ndivyo tunavyomwita mtu anayepanga nani atembee wapi siku ya kukusanya. Kondoo wetu hukaa mlimani kiangazi kizima bila mchungaji, na vuli inapoingia kila shamba hutoa mtu wa kwenda kuwashusha. Torfi hana ubaya. Ubaya wake ni kwamba anapenda kukusaidia mpaka unabaki huna kitu.

Kwetu jambo zito halisemwi mezani. Husemwa ndani ya birika, lile dogo lenye maji ya moto kuliko yote kando ya bwawa, watu wakiwa wamekaa duara, vichwa tu juu. Siku moja ya Agosti tulikuwa humo, mimi, Svanlaug, Torfi na wazee wawili waliosinzia.

"Svanlaug," akasema Torfi, maji yakimfika kidevuni, "hii itakuwa vuli ya tatu Melar haitoi mtu wake. Watu wengine wanatembea kwa niaba yako."

"Safari hii naenda mwenyewe."

Wazee wawili wakafumbua macho kwa pamoja.

"Unaenda vipi? Juzi nimekuona dukani umeshindwa na kifuniko cha jamu."

"Mlimani hakuna jamu."

"Mstari haungojei mtu, mama. Tunashuka sambamba, mlima mzima. Ukikaa chini, kondoo wanapita kwenye pengo lako wanarudi juu, na siku imekufa. Niachie hao kondoo. Nakusaidia tu. Nyumba baki nayo. Mbwa baki naye."

"Mbwa ungemtaka ningekupa leo," akasema Svanlaug. Kisha sauti yake ikabadilika. "Sikiliza, Torfi. Kondoo wale ni wa mama wa mama yake baba. Nisipokuwa nao sijui nitaamkia nini asubuhi. Nikifika zizini kwa miguu yangu, nyuma ya kondoo, habari hii hutaitaja tena mpaka ufe. Nisipofika, njoo na lori."

Wakapeana mikono juu ya maji. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na hawa walikwisha vua.

"Nani atatembea nawe?" akauliza Torfi. "Peke yako sikuachi."

"Shangazi Oddný."

Mimi nilikuwa nimekuja kuchemsha magoti tu.

Lakini neno la Torfi kuhusu pengo halikuwa mzaha, na Svanlaug alilijua. Anayetaka kupumzika kabla hajachoka, na mstari usiosimama, hao ni paka na panya. Alilala nalo, akaamka nalo, akaenda nalo majini, mpaka siku moja akabisha hodi kwa Torfi, nami nikiwa nyuma yake kwa ajili ya kahawa.

"Nipe mstari wa mtoni," akamwambia. "Ule wa chini kabisa."

"Huo ni wa wazee."

"Ndiyo. Ninaye." Akanionyesha kwa kidole gumba. "Na uniruhusu niondoke mbele yenu, kabla ya wote. Mstari wako utakuwa kama mundu badala ya kamba. Mimi ni ncha. Natangulia, nakaa, mnanifikia, naondoka tena. Kila mkinifikia nitakuwa nimesimama."

Torfi alikuna shingo. "Haijafanyika."

"Haijakatazwa."

Akatafuta moyoni mwake lililokatazwa, asilione. "Haya," akasema. "Lakini kondoo mmoja akivuka mto, basi."

Siku ya kukusanya tulitoka kibandani alfajiri, wengine wakiwa bado wanatafuta soksi zao. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Svanlaug alivaa masweta mawili ya sufu, na mgongoni alifunga kipande cha godoro jembamba, fimbo kila mkono. Mimi nilibeba mkate bapa wenye nyama ya moshi, samaki mkavu na siagi, chupa ya kahawa, na chupa nyingine ambayo haihusiki na habari hii.

Nimezaliwa chini ya milima ile, na nilidhani nimekwisha kuiona. Nilikuwa nimeiona kwa dirisha la kibanda, kupitia mvuke wa supu. Jua lilipochungulia, barafu kuu iliyoko juu ya kila kitu ilishika rangi ya waridi, kisha dhahabu, kisha weupe ambao macho yanaukataa. Huku chini moshi ulitoka kwenye nyufa za ardhi kana kwamba watu wa chini nao wanapika chai. Na kimya. Kimya kikubwa hivi kwamba nilisikia sufu ya sweta langu ikisuguana. Nilisimama nimeachama, bibi mzima.

"Tunakaa," akasema Svanlaug.

"Tumeondoka sasa hivi! Mimi nina miaka sabini na mmoja na sijachoka."

"Ndiyo maana tunakaa."

Akatandika kigodoro chake juu ya kilima kidogo, akakaa kama malkia. Tukanywa kahawa. Baada ya kitambo, kule juu kabisa, vikatokea vijidoa vya watu, mmoja mmoja, wamepanga mstari kuvuka mlima mzima, na sauti zao zikatufikia zikiwa nyembamba: hóó, hóó, hóó. Na mlima ukaanza kutoa kondoo. Sijui niseme vipi. Kila ufa ulitoa uzi mweupe, uzi ukaungana na uzi, zikawa kamba, kamba zikashuka zikipinda. Ungesema kuna mtu ndani ya mlima anafumua sweta.

Kundi moja likaja moja kwa moja kwenye mto wetu, mbele yake jike la pembe ndefu lenye sura ya mke wa mchungaji wa kanisa. Nikasimama upesi. Svanlaug hakuinuka. Alinyoosha fimbo moja tu, pole pole. Jike likasimama, likamtazama, likafikiri, likageuka, na kundi zima likageuka nalo kuelekea katikati.

"Hukusimama!" nikasema.

"Kondoo hawajui kama umekaa au umesimama, shangazi. Wanajua upo."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Tunatembea, tunakaa, mstari unatufikia, Svanlaug anainuka mbele ya macho yao, tunatembea. Mpaka adhuhuri niliona mambo yanateleza kama siagi, nikaanza kutunga maneno ya kumkoga Torfi.

Kisha hali ya hewa ikageuka, kama kawaida yake. Upepo ukaja na mvua iliyochanganyika na theluji, ikatupiga ubavuni. Svanlaug akaacha kusema. Nilipomtazama, yale mashavu mekundu yalikuwa yamekwenda. Uso ulikuwa rangi ya majivu. Fimbo ya mkono wa kulia ikamwanguka. Akainama kuiokota, vidole havikufunga.

"Mwanangu."

"Imeanza," akasema. "Kengele zote."

"Nina kitambaa chekundu hapa. Nikikipunga, gari la mizigo linalowafuata wakusanyaji litatuona kutoka barabarani."

"Ukikipunga, kondoo wa baba wamekwenda."

Akalala chali pale pale, mvua ikimwanguka usoni, juu ya ile mimea ya kijani, laini kama godoro, inayoota juu ya mawe ya kwetu. Mimi nimeona mambo. Nikiwa msichana niliona mlima ukitema moto usiku na mchana, majivu yakatufunikia meza. Nimeona bahari ikitembea juu ya nyumba. Vitu hivyo vinakutisha kwa ukubwa wake. Siku ile niliona kitu kidogo, kikanitisha zaidi: mwanamke amelala chini anahesabiana na mwili wake mwenyewe. Kwanza kidole kimoja kikajikunja. Kikakunjuka. Kikafuata cha pili. Kisha mkono, kisha nyayo ndani ya viatu, kushoto, kulia, kama vile anavyofanya bwawani akishikilia ukuta. Hakulia, hakujikaza, hakuulaani mwili. Aliubembeleza, kama unavyombembeleza ng'ombe aliyekwama topeni, ambaye ukimpiga anazama. Nami nilikaa kando nimezuia upepo kwa mgongo wangu mpana, kazi ambayo Mungu aliniumbia.

Akageuka ubavu. Akapiga magoti. Akasimama.

"Nifunge fimbo kiganjani, kwa skafu yako."

Nikamfunga. "Zizi bado liko mbali, Svanlaug."

"Hatuendi zizini. Zizini siwezi kufika. Tunaenda pale penye jiwe jeusi."

"Na baada ya jiwe?"

"Baada ya jiwe hakuna kitu. Dunia inaishia pale."

Tukaenda mpaka mwisho wa dunia. Tukakaa. Aliponyanyuka, nikaona Mungu ameumba dunia nyingine fupi, kutoka jiwe jeusi mpaka kwenye kijito. Tukaimaliza na hiyo. Akaumba nyingine. Hatua zake zilikuwa ndogo kama za mtoto anayevaa viatu vya baba yake, lakini hakuna iliyokwenda upande usiotakiwa. Ukungu ukashuka, sikuona mita chache mbele yangu, nikashika mkia wa sweta lake. Mzima akaongozwa na mgonjwa. Huku juu tuliwasikia wakiita, huku kando tuliusikia mto, na kati ya sauti mbili hizo tulipita sisi.

Kwenye ukingo wa mwisho tulikaa mara ya mwisho, na ukungu ukapasuka kama pazia lililochoka. Jamani. Kondoo wote wa bonde walikuwa mbele yetu. Wote. Walijaza uwanda kutoka mtoni mpaka mlimani, weupe, weusi, kahawia, wakitembea kwa pamoja, na mlio wao ulitoka ardhini ukapanda kwenye mifupa yangu. Mvuke wa miili yao ukang'aa juani. Nilitafuta utani niuseme, sikuupata. Svanlaug alikuwa anatokwa machozi na kutabasamu, vyote kwa wakati mmoja.

"Hao wanatokea kila mwaka," akasema, "na mimi nilikuwa kitandani."

Akainuka. Tukashuka.

Zizi letu ni la duara, kuta za mawe, limegawanywa vyumba kama gurudumu, kila shamba na chumba chake. Siku hiyo bonde zima huwa pale, watoto juu ya kuta, wanaume wanaimba kabla hata ya kunywa. Svanlaug aliingia nyuma ya jike la mwisho lililokuwa linachechemea, wanachechemea wote wawili, na uimbaji ukafifia mpaka ukakoma. Hakuna aliyepiga makofi. Walivua kofia tu, mmoja baada ya mwingine, kama zinavyovuliwa kanisani. Akalifikia lango la chumba cha Melar, akaegemea nguzo, akaweka shavu lake juu ya mbao.

Najua mnachofikiri: amepona. Hakupona. Supu ya siku kadhaa ilikuwa imekwisha kupangwa kwenye friji lake la barafu, kwa kuwa alijua atalala, na alilala. Lakini hayo ni ya baadaye.

Torfi alishuka ukutani, sweta limelowa, ndevu zinadondosha maji.

"Amefika," akasema kwa sauti ya watu wote. "Sikatai. Ila tulikubaliana ni kukusanya, na mkusanyaji hakai. Nimemwona kwa darubini. Kakaa kilimani, kakaa kijitoni, kalala kabisa chini! Mimi nawaonea huruma kondoo wale, na yeye namwonea huruma. Kazi ya mlima ni ya mtu asiyekaa. Mimi tangu alfajiri sijakalia hata jiwe."

Baadhi ya vichwa vikatikisika kukubali. Niliviona, vichwa vya watu niliowalisha supu. Nikafungua kinywa changu, na kinywa changu kikifunguka si rahisi kukifunga, lakini Svanlaug akanigusa mkono.

"Hujakaa kabisa, Torfi?"

"Kabisa."

"Hata kwenye ukungu?"

"Baba hakukaa, babu hakukaa, nami sikukaa."

"Basi geuka."

"Nigeuke nini?"

"Geuka tu, mjomba, watoto waone nyuma ya mtu asiyekaa panafananaje."

Akageuka kwa maringo, mikono kiunoni. Suruali yake ilikuwa ya sufu, ya kijivu. Kutoka mkanda mpaka mapajani ilikuwa zambarau. Madoa mawili makubwa ya duara, ya yale matunda madogo meusi yanayotambaa ardhini huko juu wakati wa vuli, yamepondeka vizuri, pamoja na majani na vijiti vyake. Si doa la mtu aliyegusa chini. Ni la mtu aliyetulia, akajisogeza akae vizuri zaidi, kisha akatulia tena.

Kicheko kilianzia kwa watoto juu ya ukuta, kikazunguka zizi zima, kondoo wakashtuka.

"Niliteleza!" akasema Torfi, akijipapasa nyuma. "Kwenye ukungu niliteleza, nikaanguka!"

"Pole," akasema Svanlaug, shavu lake bado juu ya lango. "Na matunda yakakuangukia na mdomoni?"

Torfi akafumba mdomo upesi, lakini meno yake tulikuwa tumekwisha kuyaona.